Kisu cha Mzamiaji: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kutoa Fedha

Si wengi katika wanachama wetu waishio kwa karafuu peke yake. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, na msimu ukiisha, majamvi yakakunjwa na makonyo yakauzwa, wengi hurejea baharini: huyu kwa pweza, yule kwa kamba, mwingine kwa majongoo, na baadhi ya vijana huwazamisha wageni wanaokuja kutazama matumbawe. Kwa hiyo haikutushangaza kwamba katika mikutano ya matawi mwaka huu tuliulizwa habari za visu vya kuzamia mara nyingi kuliko habari za miche. Swali lenyewe ni hili: mbona kisu kilichoandikwa kuwa hakishiki kutu hushika kutu kabla ya mwezi kwisha, na mnunuzi atakijuaje kilicho chema kabla hajatoa fedha yake? Tumeona vema tulijibu hapa kwa urefu, maana fedha zinazotumika ni fedha za karafuu, na roho zilizo hatarini ni za wanachama.

Kwanza tukubaliane kisu hiki ni cha kazi gani. Si cha kupigana na papa, ingawa baadhi ya vijana hukivaa kwa namna hiyo, na si cha kufungulia makopo. Kazi yake kubwa ni moja, nayo ni kumfungua mwenyewe anaponaswa. Katika bahari yetu mna nyavu zilizopotea, mishipi iliyokatika ikabaki miambani, kamba za madema na kamba za mwani. Zamani kamba za usumba zilioza zikaisha. Nailoni haiozi upesi. Jarife lililopotea huning'inia mwambani miaka mingi likivua peke yake, wala ndani ya maji halionekani mpaka limekwisha kukamata mguu. Mtu azamiaye kwa pumzi zake, bila ya mtungi, ana dakika moja, na akiwa hodari labda mbili. Katika muda huo lazima kisu kishikike, kichomoke na kikate. Kisu kisichoweza mambo hayo matatu si kitu, hata kama kimetoka nchi gani.

Kaskazi iliyopita mwanachama wetu mmoja alikuwa akitafuta kamba nje ya mwamba, kina cha kama pima nne. Mguu wake wa kulia ukaingia katika wavu mkongwe. Alikuwa na kisu cha kung'aa alichokinunua katika duka moja la mjini kwa fedha si haba, naye alikifunga ndani ya mguu wa kushoto kama inavyotakiwa. Alipokivuta, ala haikukiachia. Alipokivuta kwa nguvu zaidi, mpini ulimtoka mkononi na kengee ikabaki ndani ya ala. Aliyemwokoa ni mwenziwe aliyekuwa juu ya ngalawa, ambaye alishuka na kisu cha kupasulia samaki, kazi ya muhunzi, cheusi, kisichong'aa hata kidogo. Yule bwana yu mzima, alhamdulillahi, na ametupa ruhusa kuyaandika haya bila ya jina lake. Kile kisu tulimwomba, tukakipasua mpini na ala hapa ofisini ili tuone ndani mna nini. Tuliyoyaona tutayaeleza mahali pake.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapo ndipo maneno ya wauzaji yanapokuwa mengi.

Chuma cha kawaida cha panga na jembe ni chuma kilichotiwa kaboni kidogo. Hushika makali vizuri na hunoleka upesi, lakini maji ya chumvi hukila. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma kitakachostahimili joto ndani ya mitutu ya bunduki. Alichanganya chuma na kromi, kiasi cha sehemu 13 katika mia, akaona mchanganyiko ule hauliwi upesi na asidi, na punde si punde mji ule ukawa unafanya visu vya meza kwa chuma hicho. Siri yake ni hii. Kromi ikikutana na hewa hufanya utando juu ya chuma, mwembamba mno hata jicho haliuoni. Utando ukikwaruzwa hujiponya wenyewe, maadam pana hewa, hata ile kidogo iliyoyeyuka ndani ya maji. Ili utando huo ufanyike sawasawa, kromi haitakiwi ipungue sehemu kumi na nusu katika mia.

Adui yake ni chumvi. Katika lita moja ya maji ya bahari mna kama gramu 35 za chumvi, nayo huutoboa utando kwa vitundu vidogo vidogo. Mahali penye hewa, kitundu huzibika. Mahali pasipo hewa, kama ndani ya ala yenye majimaji, au chini ya mpini, au kichwani mwa msumari, utando haupati cha kujiponyea, na kitundu huendelea kwenda chini siku baada ya siku. Ndiyo sababu kisu kimoja kilichoachwa wazi juu ya meza hubaki cheupe, na mwenziwe aliyetoka kiwanda kile kile akafungiwa ndani ya ala mbichi huliwa. Mwanachama yeyote atalifahamu jambo hili bila ya taabu. Karafuu iliyoanikwa juani hutoka nzuri, na karafuu ya mti ule ule iliyorundikwa mbichi ndani ya gunia huharibika, wala mti haukukosa.

Kwa hiyo maneno ya kuwa kisu hiki hakishiki kutu yafahamike hivi: kinachelewa kushika. Kinachelewa kwa muda gani, hiyo hutegemea kilivyochanganywa na kinavyotunzwa.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui, au wanalijua wakanyamaza. Makali hutaka kaboni. Lakini kaboni ikizidi huishika kromi na kufanya nayo punje ngumu, na kromi iliyoshikwa hivyo haifanyi tena kazi ya utando. Mfano mzuri ni vyuma vitatu vya jamaa moja vinavyoandikwa 440A, 440B na 440C. Kromi yao ni moja, sehemu 16 mpaka 18 katika mia. Kaboni ndiyo inayopanda: cha kwanza hakifiki sehemu moja kasorobo na cha mwisho chaweza kupita sehemu moja. Cha mwisho ndicho kinachoshika makali zaidi, na cha kwanza ndicho kinachostahimili bahari zaidi. Mtu asiyejua huambiwa kuwa C ni bora kuliko A, akalipa zaidi, akapata kisu kizuri sana cha jikoni.

Namba nyingine utakazoziona zimepigwa chini ya kengee ni 420, ambayo ndiyo ya visu vingi vya kuzamia vya bei ya wastani. Kromi yake ni kama sehemu 12 mpaka 14, kaboni yake ni kidogo. Makali yake hayadumu sana lakini hunoleka kwa kinoo cha kawaida, na kikisuuzwa kwa maji baridi hukaa vizuri. Sisi hatuna neno baya juu ya 420. Namba 304 na 316 ni chuma cha masufuria mema na vyombo vya mashua. Kina kromi na nikeli, na 316 kimeongezwa molibdeni sehemu mbili mpaka tatu, nayo husaidia sana katika maji ya chumvi. Kwa kutu ni vizuri kuliko vyote tulivyotaja, lakini havigeuki kuwa vigumu kwa moto, kwa hiyo makali yake hulala upesi kama makali ya kijiko. Kisu cha 304 chenye meno hufaa kwa kamba. Cha 304 kisicho na meno tusingekishauri.

Juu ya hivyo kuna titani, ambayo si chuma kabisa bali ni madini mengine. Bahari haiiwezi, na uzito wake haufiki sehemu sita katika kumi za uzito wa chuma. Walakini nayo ni laini kuliko chuma cha kisu, haina budi kuwa na meno, na bei yake ni kubwa. Kuna tena vyuma vipya ambavyo kaboni yake imepunguzwa na mahali pake ikatiwa nitrojeni, yaani ile gesi iliyo sehemu kubwa ya hewa tuivutayo. Nitrojeni huipa ugumu bila ya kuifunga kromi. Hivi huandikwa H1, LC200N au N680, na mtu mwenye uwezo akivipata hana haja ya kutusoma zaidi, ila asiache kuitazama ala.

Ikiwa kengee haina namba, imeandikwa neno moja tu la Kiingereza, Stainless, au la Kifaransa, Inox, basi muuzaji hakukwambia lolote. Ni sawa na gunia lililoandikwa karafuu bila ya daraja. Huenda mna daraja la kwanza, huenda mna mpeta na makonyo.

Jaribio dogo la kusaidia ni sumaku. Ile iliyomo katika spika mbovu ya redio yatosha, nayo hukaa mfukoni. Vyuma vya jamaa ya 420 na 440 hukamatwa na sumaku kwa nguvu. Namba 304 na 316 aghalabu hazikamatwi, au hukamatwa kidogo tu, na titani haikamatwi hata chembe. Basi mtu akikwambia hiki ni 420 na sumaku ikateleza, au akikwambia hii ni titani na sumaku ikaganda, mrudishie kisu chake kwa adabu uende zako. Lakini sumaku isikupumbaze: haisemi chuma ni chema au kibaya, husema tu kama ni kile kilichotajwa.

Tukiacha kengee twende kwenye msuka, yaani ule ulimi wa chuma uingiao ndani ya mpini. Hapa ndipo pa kutumia muda dukani, kuliko kutazama mng'aro. Kisu kizuri cha kuzamia msuka wake huenda mpaka mwisho wa mpini, na mara nyingi huonekana umetokeza nyuma kama kipande cha chuma cha kugongea. Ukikiona chuma hicho, uliza kama ni kimoja na kengee au kimebandikwa. Kisu kinachoweza kufunguliwa mpini kwa bisibisi ni bora, kwa sababu utaona ndani kabla ya kununua, na baadaye utaweza kuosha chumvi. Kisipofunguka, kishike kengee kwa kitambaa, ushike mpini kwa mkono wa pili, ukitikise huku na huku. Kisicheze wala kisitoe mlio. Hata mlio mdogo leo utakuwa mkubwa baada ya miezi mitatu ya maji.

Kile kisu cha yule bwana kilikuwa na msuka wa urefu wa vidole viwili tu, mwembamba kama msumari, umeshikwa na pini moja. Kengee yenyewe ilikuwa na madoa machache, haikuharibika. Kilichooza ni pini. Ilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa weupe, na weupe ulipotoka ikawa kama iliyotafunwa. Vyuma viwili vya jinsi mbalimbali vikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kama betri, na kilicho dhaifu huliwa haraka kuliko kama kingekuwa peke yake. Ndani ya ala nako mlikuwa na kijichuma cha kubana kisu kisianguke, nacho kilikuwa chuma kile kile cha ovyo. Kilivimba kwa kutu kikakiganda kisu. Kwa hiyo kiwanda kilitia chuma cha wastani mahali panapoonekana, na kikabana senti chache mahali pasipoonekana. Tunawaomba wanachama mtazame vitu vidogo: pini, skrubu, bizimu za kanda na kijichuma cha ndani ya ala. Jaribu kila kimoja kwa sumaku. Skrubu ikikamatwa kwa nguvu wakati kengee haikamatwi, ujue si vyuma vya jinsi moja, na hapo ndipo kutu itakapoanzia.

Ala hutazamwa kwa mkono zaidi kuliko kwa jicho. Ifunge mguuni au mkononi pale pale dukani, usione haya. Kichomoe kisu kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, kisha ukiwa umefumba macho, maana mchanga ukitibuka chini ni sawa na kufumba. Fanya hivyo mara kumi. Kisha kigeuze ncha juu na mpini chini, ukitikise, kisianguke. Ala njema hukishika kisu mpaka kidole kimeamua, na kidole kikiamua haibishani. Mkono uwe umelowa. Tumeona watu wakijaribu kisu kwa mikono mikavu yenye vumbi la dukani, kisha wakashangaa kwamba mpini wa plastiki laini huteleza kama kambale. Mpini wa mpira mgumu au wenye mikato ndio ufaao. Wa mti hufura. Wa wazi ndani, wenye dira na ndoana na kiberiti, ni mchezo wa watoto. Tazama pia kuwa ala ina tundu chini la kutolea maji; ala isiyo na tundu ni kikombe cha maji ya chumvi, na habari ya kikombe hicho tumekwisha ieleza. Kanda za mpira huharibiwa na jua, basi uliza kama za badala hupatikana peke yake.

Makali hayajulikani kwa kupitisha kidole gumba kama wanavyofanya wengi. Kigeuze kisu makali juu, ukitazame kwenye mwanga. Makali mema hayaonekani, ni kama uzi mweusi. Penye kung'aa ni pabutu au pamepeteka. Kisha uwe umekuja na vitu vyako: kipande cha kamba ya dema, kipande cha mshipi mnene, na kipande cha jarife chakavu, vyote vilowe. Kamba ishikwe ikiwa imelegea, kwa sababu baharini hapana wa kukuvutia. Kisu kizuri chenye meno hukata kamba ya unene wa kidole kwa kuvuta mara mbili au tatu. Kwa mshipi, visu vingi vina kijipengo chenye makali karibu na mpini, nacho hukata kwa kuvuta mara moja. Sisi twapendelea kisu chenye makali laini upande mmoja na meno upande wa pili, au nusu kwa nusu, kwa kuwa wavu mwembamba huponyoka kwenye meno na kamba nene huyashinda makali laini. Waya wa chuma usiujaribu kwa kisu chochote. Kwa huo yatakiwa koleo.

Ncha ni jambo la kazi yako. Mwenye kutafuta pweza hutaka ncha kali. Mwenye kujihofia nyavu afadhali ncha butu, kwani mtu anayekata wavu ulioshika mguu wake mwenyewe, na pumzi zimekwisha, hakati kwa utaratibu. Urefu wa kengee sentimita nane mpaka kumi na mbili watosha, na unene milimita tatu au nne. Kisu kirefu hunasa wavu badala ya kuukata. Rangi ya mpini iwe ya njano au ya machungwa; cheusi kikianguka kwenye nyasi za bahari kimekwenda. Kisu cha kukunja hatukukisemea kwa sababu bawaba yake hujaa mchanga, na vingi hutaka mikono miwili.

Limebaki jaribio moja ambalo laweza kufanywa kwa ruhusa ya muuzaji tu. Mwanachama mmoja wa Wete alifanya hivi. Muuzaji alimwambia, "Sheikh, chuma hiki hata ukikizika hakishiki kutu." Naye akajibu, "Basi ndugu yangu, nipe siku mbili nikifunge kitambaa cha maji ya pwani. Fedha yako hii hapa, iweke, kikishika nirudishie." Muuzaji alicheka, kisha akamwonyesha kisu kingine. Maji ya bahari kwetu hayauzwi, na jaribio hili lina maana kuliko maandishi yote. Lowesha kitambaa, kizungushe kisu kizima pamoja na skrubu zake, kiache siku mbili mahali pa kivuli. Ukikifungua ukaona doa la rangi ya chai linalofutika kwa kitambaa, hilo si neno. Ukiona nukta nyekundu, na ukipitisha ukucha ukahisi kishimo, kirudishe.

Wengine siku hizi hununua kwa kutazama picha katika simu. Hatuwakatazi, maana huko bei huwa nafuu na hata namba za chuma huandikwa. Lakini picha haina msuka wala haina ala ya kuchomolea. Ukinunua kwa njia hiyo, patana kwanza juu ya kurudisha, na siku kikifika ukijaribu chote hapo hapo, si siku ya kwenda dago.

Juu ya utunzaji tutasema machache. Ukitoka baharini kichomoe kisu, kisuuze kwa maji baridi pamoja na ala, kianike nje ya ala kivulini. Usikilaze ndani ya ala hata usiku mmoja. Kabla ya kukiweka kipake mafuta mepesi kidogo. Mafuta ya cherehani yafaa. Ya nazi yafaa pia kwa kisu kinachokata chakula, ila yakikaa sana hunata, basi yafutwe na kupakwa mengine. Wanachama watapenda kujua kuwa Wajapani, katika kutunza panga zao za jadi, hutumia mafuta yaitwayo choji, na choji kwa lugha yao ni karafuu. Siku hizi ni mafuta ya madini yaliyotiwa mafuta ya karafuu kidogo sana. Lakini asije mtu akamimina mafuta ya karafuu matupu juu ya kisu chake kwa kuona kuwa ni mali ya nyumbani. Mafuta yetu ni makali, hulainisha na kuharibu baadhi ya plastiki, na mpini na ala nyingi ni plastiki.

Tumeulizwa pia kama kisu cha muhunzi hakitoshi. Kwa anayekwenda kwa miguu wakati wa bamvua, au anayefunga na kukata kamba za mwani, kinatosha, na twasema bila ya haya kuwa ni bora kuliko kisu cha kung'aa cha bei rahisi. Muhunzi mzuri hukifua kutoka springi ya gari, chuma chenye kaboni ya kutosha, na makali yake huwashinda wengi wa madukani. Hushika kutu, ndiyo, lakini kutu yake ni ya wazi, waiona asubuhi na waisugua kwa mchanga. Kwa anayezama akaenda chini ya pima mbili tatu, ubaya wa kisu cha muhunzi si chuma chake bali ni ala yake: ya ngozi hufura majini ikakibana, na ya kitambaa hukiacha kikaanguka. Kijana mmoja fundi ametuonyesha ala aliyoikata kutoka bomba la maji la plastiki, akailainisha kwa moto na kuibana kwa umbo la kisu, ikatobolewa chini. Tumeijaribu mara kumi kwa mkono wa mvua na macho yamefumbwa, nayo haikukosa hata mara moja. Tumemwomba atengeneze nyingine sita.

Ala hizo zikiwa tayari zitawekwa ofisini pamoja na sumaku, kamba na vipande vya jarife, ili mwanachama anayekusudia kununua aje na kisu alichoazima dukani akijaribu. Ofisi huwa wazi siku za kazi mpaka adhuhuri. Kile kisu kilichopasuliwa nacho kiko juu ya meza, pini yake imewekwa kando katika karatasi.